Kinga Imfuate Kijana Alikolala

Hotuba kwa wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, viongozi wa mitaa na vijana, jijini Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, maafisa ustawi wa jamii, wauguzi wenzangu, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, viongozi wa dini, mama zetu mnaopika kwenye masoko ya Mwaloni na Makoroboi, na nyinyi vijana mliotoka stendi mkakubali kuja kukaa humu ndani pamoja na watu wazima. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwakinga vijana wasio na makazi dhidi ya VVU na magonjwa ya ngono. Kazi yangu ni uuguzi, na usiku mwingi nimetoka na wenzangu wa ustawi kuwafuata vijana hawa wanakolala: chini ya meza za dagaa, kwenye vibaraza vya maduka, nyuma ya mabasi mabovu. Nimekuja na jambo moja tu. Huduma zetu za kinga zimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba. Karatasi zetu, saa zetu za kazi, kopo letu la vidonge, hata takwimu zetu, vyote vinachukulia kwamba mgonjwa ana mlango wa kufunga na mtu mzima wa kumuuliza amerudi saa ngapi. Asiye navyo anakosa kinga, halafu sisi tunamwita mkaidi.

Nianze na takwimu, ila sitakaa nazo sana. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na kwamba kila mwaka watu wapatao 60,000 huambukizwa upya. Ni kazi nzuri, na mimi naitumia. Lakini ulifanyika kaya kwa kaya: mdodosaji anabisha hodi, anamuulizia mkuu wa kaya, anaandika majina ya waliolala humo ndani. Aliyelala chini ya meza ya dagaa pale Kirumba hakubishiwa hodi na mtu. Kwa hiyo tunapopanga bajeti kwa namba hizo, tunapanga bila yeye.

Na wengi wa watoto hawa walikimbia nyumba. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake bado yananiuma: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nao pia uliulizwa majumbani. Sasa mtoto anateremka kwenye lori la mkaa au basi la kutoka Geita, Sengerema, Shinyanga, tunamuuliza, "Kwa nini usirudi kwenu?" Wengine hawana jibu la kutupa mbele za watu. Wapo waliokimbia viboko, waliofiwa, waliochoshwa na njaa. Wapo pia waliozaliwa na VVU, wazazi wakafariki, ndugu wakawatengea sahani yao na kikombe chao, nao wakaondoka.

Wasichana hamtawaona kwa wingi barabarani, na msidhani hawapo. Binti analetwa mjini kufanya kazi za ndani, baba mwenye nyumba au kijana wa nyumba hiyo anamwingilia, mimba ikionekana anafukuzwa na mfuko wake wa nailoni. Wiki moja baadaye yuko kwenye baa, au kwenye chumba cha mtu aliyemwambia "njoo ulale kwangu, usihangaike". Tangu 1998 sheria yetu ya makosa ya kujamiiana inasema kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama alikubali. Mwenye chumba kile anaijua sheria. Anachokijua zaidi ni kwamba binti yule hana pa kwenda kesho.

Kuhusu wavulana nitasema kwa uwazi, kwa sababu kunyamaza kumetugharimu. Hapa Mwanza, tangu miaka ya 1990, wahudumu wa watoto na watafiti wameandika kwamba wavulana wakubwa huwaingilia wadogo usiku, hasa wageni, na kwamba anayemlinda mdogo dhidi ya wengine mara nyingi hudai malipo kwa mwili wake. Tumelijua hili kwa zaidi ya miaka 25. Na bado mabango yetu ya kinga yanaonyesha kijana na binti waliovaa vizuri, wamekaa kwenye kochi wakizungumza. Mtoto wa miaka 12, aliyevuta gundi ili asisikie baridi, hana mazungumzo ya kufanya na mtu anayemfunika mdomo. Elimu ya kondomu haimsaidii usiku ule. Na niseme hili kwa askari wetu na kwa viongozi wa dini: mvulana aliyebakwa hana kosa. Akija, asiulizwe swali lolote linalomfanya ajione mtuhumiwa.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio, tunayoiita PEP, ipo nchini na haiuzwi. Inapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Sasa fuateni saa hizo kwa miguu ya kijana wa stendi. Tukio linatokea Ijumaa usiku wa manane. Jumamosi analala mchana kutwa, ana maumivu na aibu, hamwambii mtu. Jumapili rafiki yake anamshawishi waende kituo cha afya. Wanakuta mlinzi, anawaambia kliniki ni kesho. Jumatatu asubuhi wanarudi, mapokezi wanamwambia hatuwezi kukuhudumia bila PF3, ile fomu ya polisi, nenda kaichukue. Polisi wanamuuliza mzazi wako yuko wapi. Anaahidi kurudi na mtu mzima. Jumatatu saa sita usiku muda umekwisha, na katika safari nzima hiyo hakuna hata mmoja aliyemfukuza. Kila mtu alifuata utaratibu.

Wauguzi wenzangu, PF3 ni karatasi ya ushahidi. Inahitajika, na tunapaswa kuijaza vizuri ili mhalifu afungwe. Lakini ushahidi unaweza kuandikwa huku mtoto ameshameza kidonge cha kwanza. Dozi kwanza, karatasi baadaye, na kwa hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wanakutana chini ya paa moja, basi kituo hicho kijulikane na mlinzi wa getini, maana mlinzi ndiye mtu wa kwanza kuzungumza na mtoto. Msichana apewe pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hivyo navyo vina nguvu zaidi ndani ya saa 72, ingawa vinaweza kutolewa hadi saa 120. Apewe tiba ya kinga ya kaswende, kisonono na klamidia siku hiyohiyo, kwa sababu hatujui kama tutamwona tena.

Kisha zinakuja zile siku 28, na hapo tunarudi kwenye nyumba.

Kijana mmoja wa Mwaloni, aliyezaliwa na VVU, alikuwa akiacha dawa kila mara. Tulimshauri, tukamkaripia, tukamwandika mtoro. Siku moja nikakaa naye chini, pembeni ya magunia, nikamuuliza tatizo nini. Akachukua kopo lake, akalitikisa. "Sista, hili linapiga kelele." Akitembea nalo, wenzake wanasikia vidonge. Wanauliza ni vya nini. Anayelala jirani anaiba mfuko akidhani ni dawa za kulevya. Akilifukia mchangani, mvua inanyesha. Akilificha kwenye gunia lake juu ya kibaraza, inapita oparesheni ya usafi, magunia yote yanachomwa moto, na dawa za mwezi mzima zinaungua pamoja na blanketi. Alikuwa ameacha kopo mara nyingi. Dawa alikuwa anaitaka.

Aliyemsaidia ni mama lishe anayempa chakula kwa kumwoshea vyombo. Vidonge vikahamishiwa kwenye mfuko mdogo mkavu wenye kufungwa, tukavikunjia na kipande cha kitambaa visigongane, mama akaviweka kwenye kopo la majani ya chai, kwenye lile sanduku analofungia masufuria. Kila jioni kijana akimaliza kuosha vyombo anapewa wali na maharage, na chini ya sahani kuna kidonge. Mama hakuwahi kuuliza ni cha ugonjwa gani. Kijana huyo virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo, na mtu ambaye virusi vyake vimefubaa kiasi hicho na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kopo lile la majani ya chai linamkinga yeye na linawakinga wengine.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu nataka maafisa waliopo waone ni vitu gani tunahitaji. Kadi yetu ya kliniki inauliza mkuu wa kaya, inauliza balozi wa nyumba kumi, inauliza msaidizi wa tiba. Kijana anaacha wazi, au anatunga majina. Tungemuuliza swali moja tu: "Unakula wapi jioni?" Tungekuwa tumepata anwani yake.

Nimetaja magonjwa ya ngono. Watu wengi wanayaona madogo kando ya UKIMWI, na hapa Mwanza hatuna udhuru wa kufikiri hivyo. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa huuhuu. Jamii 12: katika 6, zahanati za kawaida zilipewa mafunzo na dawa za uhakika, mgonjwa akatibiwa kwa dalili siku hiyohiyo, nyingine 6 zilisubiri. Baada ya miaka 2, waliopata VVU walikuwa asilimia 1.2 upande wa tiba, na asilimia 1.9 upande wa pili. Yaani karibu maambukizi 4 katika kila 10 yalizuilika, na dawa zenyewe zilikuwa za kisonono na kaswende. Sababu inaeleweka: kidonda cha kaswende au cha pangusa, ugonjwa mwingine wa vidonda sehemu za siri, ni mlango wazi, na uvimbe wa kisonono unakusanya chembe zilezile za damu ambazo VVU inazishambulia.

Miaka michache baadaye wenzetu wa Rakai, Uganda, walijaribu kugawa dawa kwa watu wote, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kadhaa. Upungufu ule haukuonekana. Wataalamu wana maelezo mbalimbali ya tofauti hiyo. Mimi nimejifunza kwamba mtu anahitaji tiba siku anapoumwa, mahali anapopafikia. Hema la kupima tunalosimamisha stendi tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani, tukapiga muziki na kuondoka, halitoshi. Kijana akiona usaha Februari, anakwenda duka la dawa na shilingi 1,000 mkononi, anasema ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anauziwa nusu dozi. Dalili zinapoa, ugonjwa unabaki, na vimelea vinazoea dawa. Msichana mara nyingi haoni dalili yoyote mpaka tumbo la chini lianze kuuma. Hao wanahitaji muuguzi anayejulikana atafika jioni gani na kona gani, mwenye sindano begini. Kaswende ya mwanzoni hutibika kwa sindano moja ya penisilini. Sindano moja, na hana kopo la kuficha.

Na tukisema sindano, kuna habari ambayo vijana hawa wanastahili kuisikia. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya dawa iitwayo lenakapaviri, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara 2 kwa mwaka, iliyojaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2025. Vidonge vya PrEP, vya kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo, humezwa kila siku na ni vizuri kwa mwenye kabati. Kwa binti anayehama chumba kila wiki, sindano ya miezi 6 ndiyo inayomfaa. Ninaomba kwa nguvu zangu zote: orodha ya watakaofikiriwa kwanza na sindano ya namna hii iwe na wasichana wa baa na vijana wa stendi. Wasiwe wa mwisho kwa kuwa hawana namba ya simu ya kukumbushiwa.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni mfano mwingine. Tulianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Dozi moja ni baraka kubwa kwa asiye na makao. Lakini tunaipeleka hasa mashuleni, na binti wa kazi za ndani hayupo darasani. Hata akipata mimba akaenda kliniki, anaambiwa aje na mwenza, na asiye na mwenza alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti gani, wa mtaa upi? Wapo walioamua kutorudi kliniki kabisa kwa sababu ya barua hiyo, na wakakosa kipimo cha VVU na cha kaswende ambacho kingemwokoa mtoto tumboni. Wenyeviti mliopo humu, na wakuu wa vituo, barua hiyo mnaweza kuiacha kesho asubuhi bila kusubiri waraka wa mtu.

Tohara nayo naiunga mkono. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60, na Kanda ya Ziwa tumeifanya kwa bidii. Ila tumwambie kijana ukweli wote: haimkingi anayeingiliwa, na kidonda kinahitaji wiki 6 za usafi na kujizuia. Kabla ya kumweka kitandani, tuhakikishe ana pa kulala na maji ya kuoga kwa wiki hizo. Kondomu wanazijua, wapewe chache chache mara kwa mara, maana iliyokaa kwenye mfuko wa suruali juani mwezi mzima haifai tena.

Kuhusu umri: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa VVU bila idhini ya mzazi. Bado nakutana na wahudumu wanaomrudisha kijana wa miaka 16 akalete baba. Aliye chini ya miaka 15, basi ustawi wa jamii ndio wazazi wake tulionao mjini hapa. Namba ya afisa wa zamu ibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha kupimia, na simu ipokelewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Aliye katika eneo lake, jamani, hata kama alifika jana kwa lori.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi walirudi majumbani, na usiku ukabaki bila watu wake. Tulioendelea, tumeendelea kwa nauli zetu. Nawaomba madiwani: watu hawa wa usiku waingizwe kwenye bajeti ya halmashauri, wawili watatu tu kwa kuanzia, pamoja na vijana waliowahi kuishi mtaani ambao wanazijua kona zote na wanaaminika. Na oparesheni za usafi zikipangwa, tuambiwe siku moja kabla, tupite tukusanye dawa za watu.

Sasa nawageukia nyinyi wanangu wa stendi. Ikitokea umefanyiwa ubaya usiku, usioge kama unaweza kuvumilia, usingoje kesho, na usimweleze kisa chako kila mtu kwenye foleni. Nenda hospitali mlango wa dharura, uko wazi usiku na mchana. Sema maneno mawili: "Nahitaji PEP." Ukidaiwa karatasi au mzazi, jibu kwa heshima kwamba unaomba dawa kwanza na polisi mtakwenda pamoja. Wakikataa, azima simu ya bodaboda yeyote, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Haikatwi hata senti, na atakayepokea atatafuta afisa ustawi. Dozi ukishapewa, usiondoke kabla hujamwambia muuguzi unakula wapi jioni.

Asanteni kwa kunisikiliza.